Klachi Iliyomwogopa Mama Mkwe

Tangu nirudi kutoka Puta, kila mmoja wenu ameniuliza habari za safari, na kila mmoja nimempa kipande kulingana na haraka niliyokuwa nayo. Vipande hivyo vimekutana kwenye kituo cha pikipiki pale Kashikishi na kuzaa hadithi nisiyoitambua: eti giya zilipasuka, eti nilimbeba mama mkwe mgongoni, eti tuliiba kuku wa watu. Hakuna kilichopasuka, na kuku alikuwa wetu. Mgongo ulihusika, lakini si hivyo. Naandika mara moja, kwa utaratibu, ili anayetaka kusimulia asimulie hii.

Nchelenge, kabla ya kuwasha

Nianze na mashine, kwa sababu wengine wenu mnaendesha pikipiki za klachi ya mkono na mtapotea njiani. Pikipiki yangu ya magurudumu matatu haina klachi ya mkono. Ina pedali moja ya giya, upande wa kushoto, yenye ncha mbili: ya mbele ni ya vidole, ya nyuma ni ya kisigino. Ukikanyaga ncha yoyote, kabla giya haijaingia, pedali hiyo hiyo kwanza inaiachia klachi. Ukiondoa mguu, klachi inashika tena. Mimi nilizoea ncha ya mbele tu: naikanyaga kwa vidole au naiinua kwa mgongo wa kiatu. Haya nilijifunza kwa kufungua na kufunga, na kwa kitabu kimoja cha Kifaransa ambacho jalada lake sijawahi kuliona.

Sasa mama mkwe. Bana Mwansa, mama wa mke wangu, ni nachimbusa, yaani mwalimu wa mabibi harusi. Hapa Nchelenge wanawake wengi walioolewa vizuri wamepita mikononi mwake. Jumamosi ile mjukuu wa dada yake alikuwa anaolewa huko Puta, na Ijumaa kabla ya jua kuzama ndipo bibi harusi alipaswa kuingizwa ndani kwa mafundisho ya mwisho. Watu wa bwana harusi walikuwa wanavuka ziwa kwa mitumbwi ya injini kutoka ng'ambo, upande wa Kongo, na hawangeweza kungoja siku nyingine. Bana Mwansa asipofika, msichana angeolewa bila kufundishwa, katika nyumba ambayo bibi yake mwenyewe ndiye mwalimu wa watu wote. Aibu hiyo asingeweza kuishi nayo.

Mke wangu, Mwansa, alikuwa ametangulia kwa lori pamoja na wapishi. Mama yake alibaki kungoja udongo ukauke: zile sanamu ndogo za mafundisho, ambazo mwanamume haruhusiwi kuziona wala kuzigusa. Zilipokauka, gari lililoahidiwa lilikuwa limechukuliwa na watu wa msiba. Nikabaki mimi na pikipiki yangu.

Hapa ndipo penye ugumu. Kwa watu wa pwani hii ya ziwa, mkwe ambaye hajaingizwa haongei na mama mkwe wake, hamtazami usoni, hali naye, na hamgusi hata kwa nguo. Kuingizwa ni sherehe. Wanawake wa nyumba hiyo wanapika, mkwe anaitwa kwa nyimbo akiwa amesimama na ndugu zake, mama mkwe anamnawisha mikono, wanakula pamoja, na tangu hapo mlango uko wazi. Mimi nilivuka ziwa kutoka Kilwa ya upande wa Kongo bila ndugu hata mmoja. Tulisema sherehe ingoje mpaka ndugu wapatikane. Hawakupatikana. Watoto wakazaliwa, wakakua, na mimi bado nilikuwa nasalimiana na mama mkwe kupitia wao.

Alhamisi mchana nilifunga kiti cha plastiki ndani ya boksi la mizigo, mbele kabisa, nyuma ya mgongo wangu, kikiangalia tulikotoka. Nyuma yake nilitandika godoro la kubeba kapu la sanamu, na kapu akaliweka mama mkwe mwenyewe. Jirani alimsaidia kupanda. Akaketi, akapakata kuku mweupe aliyefungwa miguu, wa kumpelekea bibi harusi. Nami, ili migongo yetu isikutane, nilisogea mbele mpaka magoti yakagusa tangi la mafuta. Tukaondoka.

Kashikishi hadi Kalungwishi

Kutoka Kashikishi barabara ilikuwa njema. Chisense, dagaa wa ziwa letu, walikuwa wameanikwa mchangani kando ya ziwa, na harufu yao ilitufuata muda mrefu. Sikuwa na wasiwasi wowote mpaka kwenye mwinuko wa kwanza, mdogo, ambao kwa kawaida naupanda kwa giya ya tatu. Injini ilipandisha sauti. Mwendo haukupanda. Nikaongeza mafuta, sauti ikaongezeka, mwendo ukapungua.

Dalili hii ina jina moja tu: klachi inateleza. Nilisimama pembeni na kuanza kutafuta sababu, moja moja. Oili ilikuwa katika kipimo chake na haikunuka kuungua. Breki hazikuwa zimeshika. Nilinyanyua gurudumu la mbele likazunguka bure, na za nyuma nilizipima kwa kusukuma. Mnyororo ulikuwa na ulegevu wake wa kawaida. Diski za klachi nilikuwa nimezibadilisha mwenyewe kabla ya mvua. Kila kitu kilikuwa sawa, isipokuwa pikipiki.

Nilipokuwa nimeinama hivyo, nilisikia sauti ya mama mkwe juu yangu.

"Weye kuku, unasikia ile mashini? Inalia sana lakini haiendi. Iko sawa na mutu wa kusema mingi."

Nikaendelea kupapasa mnyororo. Kuku akapepesa macho.

"Muulize kama tutafika," akaendelea. "Muambie batu banatungoja."

Nilisafisha mikono kwa kitambaa kisha nikamjibu kuku, nikitazama ziwani. "Kuku, tutafika. Ninatafuta tu kitu gani inamusumbua."

"Bon. Kama amesikia, amesikia."

Mtashangaa kwa nini alisema na kuku kwa Kiswahili. Kuku huyo alianguliwa Nchelenge na maisha yake yote hakusikia ila Kibemba, na mimi Kibemba nakijua vizuri baada ya miaka hii yote. Nimelifikiria jambo hili na jibu langu ni hili: Kibemba kwake ni lugha ya nyumbani, na ndani yake mimi ni mkwe. Kiswahili alijifunza kwa kuuza samaki kwa watu wa ng'ambo. Ni lugha ya sokoni, na sokoni mtu huongea na yeyote, hata kuku.

Tuliendelea kwa giya ya pili. Kwenye tambarare ilivumilika. Tulipovuka mto Kalungwishi nilihisi kupanda kidogo tu baada ya mto kunamaliza nguvu zote za injini. Mama mkwe alimwambia kuku kwamba yeye ana miguu, akaomba wapita njia wamshushe, akatembea mpaka juu. Bila yeye pikipiki ilipanda kama mpya. Nikajiambia: ni uzito. Hesabu ilionekana nyepesi.

Mununga: fundi na sahani moja

Jua lilikuwa limeshuka sana tulipoingia Mununga. Nilimtafuta fundi, nikampata kijana mmoja, Musonda, mwenye banda lililojaa injini zilizofunguliwa na kusahaulika. Alipanda pikipiki yangu tupu, akazunguka kanisa mara mbili, akarudi akiwa ameridhika kabisa.

"Baba, tupu iko muzuri. Na muzigo inateleza. Diski zilikwisha. Tufungule."

"Haziwezi kuwa zimekwisha. Ni mupya."

"Mupya ya nani? Siku hizi mupya inatoka dukani ikiwa imezeeka."

"Tukifungua, na kama diski ni mbaya, zingine zitatoka wapi?"

"Mjini, Mansa. Jumatatu hivi."

Nilimwambia hapana. Badala yake nilimwomba spana, nikaangalia skrubu ya kurekebisha klachi. Unalegeza nati, unazungusha skrubu mpaka unaposikia imegusa, unairudisha kidogo sana, unafunga. Niliikuta mahali pake. Nilifanya tena kazi yote tangu mwanzo ili nisijidanganye, na skrubu ikarudi pale pale.

Musonda alinitazama akiwa amekaa juu ya tairi. "Baba, weye unasoma mashini sawa pasteri anasoma Biblia. Mashini haina mistari."

"Iko nayo. Ni midogo tu."

Mkewe alitukaribisha tulale kwao, na jioni akaleta chakula: bukari, yaani ugali wa muhogo, samaki mkubwa aina ya pale aliyepikwa na nyanya, na sombe, majani ya muhogo. Sahani moja ya bukari, bakuli moja la mboga, kwa wageni wawili. Nilishukuru, nikainuka, nikaenda kukaa nyuma ya ukuta wa banda, kati ya injini. Mama mkwe akageuza mkeka wake upande wa pili.

Mke wa fundi alisimama na maji ya kunawa, hajui ampelekee nani. Alituona watu wazima wawili tuliofika kwa pikipiki moja, hatutazamani, hatusemezani, na mmoja amekimbia chakula. Akafanya hesabu yake. Nilimsikia akimwambia mama mkwe kwa Kibemba, kwa upole mwingi, kwamba safari huchosha na ndoa ni kusameheana, na kwamba mwanamume akinuna barabarani dawa yake ni kumwita kwa jina zuri.

Mama mkwe akamvuta kuku karibu.

"Kuku," akasema mama mkwe, "huyu mama anataka kuniua."

Kisha akamweleza kwa maneno mawili ya Kibemba mimi ni nani kwake. Mke wa fundi alifunika uso kwa kitenge, akapiga goti kuomba radhi, akaja kwangu nyuma ya ukuta na sahani ya pili na kichwa cha samaki, bila kuthubutu kuniangalia. Musonda alicheka mpaka akaanguka kutoka kwenye tairi. Samaki alikuwa mtamu sana.

Milima baada ya Mununga

Ijumaa asubuhi tuliondoka mapema. Kuelekea Puta milima inasogea karibu na ziwa, na barabara inapanda na kushuka bila kupumzika. Utaratibu wetu ukawa huu: tambarare tunapanda wote, mlima mama mkwe anashuka, anakabidhi kuku kwenye kiti, anatembea nyuma, ananikuta juu. Kila mara pikipiki bila yeye ilipanda bila tatizo. Kila mara alichukua muda zaidi kufika. Magoti yake si ya kupanda milima. Kwenye mlima wa tatu alifika akiwa ameshika kiuno, akakaa chini, hakumwambia kuku neno. Hilo lilinitia hofu kuliko maneno.

Jua likaendelea kupanda. Nikaanza kupiga hesabu ya mwendo wa mtu mzee na milima iliyobaki, na hesabu haikutupeleka Puta kabla ya jioni.

Chini ya mlima mrefu kuliko yote tulimkuta mwanamke ameketi juu ya magunia matatu ya chisense wakavu, waliosindiliwa mpaka yakawa magumu kama mawe. Alisema anaitwa Bana Kapembwa na nyumba yake ndiyo ile ya bati iliyokuwa kando ya barabara.

"Mukwai, munipandishie magunia yangu mpaka kule juu tu," aliniambia, akianza na neno la heshima la Kibemba. "Gari zinasimama juu. Hapa chini zinanipita mbio."

"Mama, mashini yangu iko mugonjwa. Haipandi na muzigo."

"Kama haipandi, utanirudishia. Magunia haina kilio."

Nilifikiri. Nilikuwa nimesema ni uzito, lakini nilikuwa nimeupima uzito kwa mtu mmoja tu. Magunia yale matatu yalimzidi mama mkwe mara mbili au zaidi. Mama mkwe alishuka, akashusha kapu lake, akaketi kivulini. Nikapakia magunia, nikakaa, nikaanza kupanda, nikingoja ile sauti.

Sauti haikuja. Pikipiki ilipanda kwa giya ya pili, taratibu, injini na magurudumu vikiongea lugha moja mpaka juu. Nilishusha magunia nikakaa kidogo barabarani nikiitazama mashine. Kisha nikarudi chini.

"Mbona imepanda?" Bana Kapembwa aliuliza.

"Njo kile ninajiuliza."

Nikamwomba amsaidie mama mkwe kupanda tena. Mama mkwe, kuku, kapu. Nikajaribu mlima. Hatukufika hata nyumba ya bati: injini ikalia, pikipiki ikasimama, ikaanza kurudi nyuma, nikafunga breki.

Bana Kapembwa alijishika mbavu. "Awe, hapana. Ile mashini inaogopa mukwe. Iko na heshima kupita batu."

"Kuku," alisema mama mkwe, "weye njo unakaa ku magoti yangu. Sema kweli. Miye niko muzito kupita gunia tatu za chisense?"

Sikucheka, kwa sababu nilikuwa karibu na jambo na niliogopa kulipoteza. Nilimwomba Bana Kapembwa akae kwenye kiti badala ya mama mkwe. Yeye ndiye mnene zaidi. Tukapanda nusu ya mlima bila shida yoyote, yeye akipungia watu mkono kama amechaguliwa kuwa mbunge.

Basi. Klachi ni diski, springi na oili. Haina ukoo, haijui nani ameketi kwenye kiti. Kama mashine ni ile ile, mlima ule ule, na uzito umezidi, kitu gani kinabadilika akikaa mama mkwe? Nilichuchumaa upande wa kushoto na kuangalia kila kitu kutoka juu hadi chini, na hapo nikaona. Pedali ya giya ilikuwa na vumbi jekundu kila mahali, hata mbele ninapoweka vidole. Ncha ya nyuma, ambayo sijawahi kuitumia, ilikuwa safi. Raba yake iling'aa kama kijiko.

Nikakaa kama ninavyokaa siku zote: makalio nyuma, mguu juu ya kikanyagio. Nikakaa tena kama nilivyokaa tangu Nchelenge kila mama mkwe alipokuwa kitini: mbele, magoti kwenye tangi. Miguu haina nafasi ikikaa hivyo. Inajivuta nyuma yenyewe, na kisigino cha kushoto kinatua juu ya ncha ya nyuma bila kuniomba ruhusa. Mlimani naegemea mbele zaidi, kisigino kinakaza zaidi. Si kwa nguvu ya kubadili giya, ila inatosha kuiachia klachi nusu. Niliwasha na kujaribu namna zote mbili, mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Ugonjwa haukuwa ndani ya mashine. Ulikuwa katika adabu zangu.

Kuku wa Bana Mwansa

Mtasema: basi, sogeza mguu. Nilijaribu. Nikiwa mbele na mguu nimeunyoosha nje, shimo la kwanza liliurudisha pale pale. Kiti nacho hakikuweza kwenda nyuma, kwa sababu huko kuna kapu la sanamu, na juu ya ekseli mtu mzee angerushwa kama gunia. Dawa ilikuwa moja: nikae mahali pangu, nyuma. Na nikikaa hapo, mgongo wangu ungeegemea mgongo wa mama mkwe kupitia matundu ya kiti cha plastiki, mchana kweupe, mpaka Puta, naye ni nachimbusa anayekwenda kumfundisha msichana heshima hiyo hiyo.

Nilimweleza Bana Kapembwa yote, nikipaza sauti kidogo.

"Na kama anatembea?" aliniuliza.

"Milima inabakia mingapi?"

Akainua vidole, akafikiria, akainua kingine. Alimtazama mama mkwe usoni; mimi nilitazama magoti yake tu. Yalikuwa yamevimba. Jua lilikuwa limepita kichwa.

Mama mkwe alipapasa mabawa ya kuku. Kisha akamwuliza Bana Kapembwa, kwa Kibemba, kama nyumbani kwake kuna chungu, kuni na unga. Viko, mukwai. Na mkeka? Upo.

"Ndugu zake hawapo," Bana Kapembwa alisema. Alikuwa ameelewa kabla yangu. "Mutu wa kusimama na mukwe ni nani?"

"Njo ninatafuta."

Bana Kapembwa alinitazama kutoka kichwani hadi kwenye kisigino chenye makosa. "Huyu anatoka Kilwa? Miye nilinunua samaki ya batu ya Kilwa tangu niko musichana. Walinilisha. Bon, leo niko dada yake."

Mama mkwe alimwinua kuku mpaka usawa wa uso wake. "Weye ulikuwa wa bibi harusi," alimwambia. "Ulisikia mingi tangu jana. Sasa inatosha."

Nilingoja nyuma ya jiko. Kuku yule alipikwa haraka kuliko kuku yeyote niliyewahi kumngoja, na bado kila dakika nilipeleka macho kwenye kivuli cha mti wa jirani kuona kinavyorefuka. Walipokuwa tayari, Bana Kapembwa alikuja akanishika mkono kama dada. Mama mkwe aliimba mlangoni, peke yake, wimbo ambao kwa kawaida huimbwa na ua mzima wa wanawake. Aliimba, nikabaki nje. Akaimba tena, dada yangu akanizuia, kwa sababu mkwe mwenye akili haingii mara ya kwanza anapoitwa. Mara ya tatu tukaingia.

Alinimiminia maji mikononi. Niliona mikono yake kwa karibu kwa mara ya kwanza. Ina makovu ya miiba ya samaki kama ya mama yangu. Tukakaa mkeka mmoja. Akamega bukari, akachovya, akanipa. Nikala. Akaniangalia usoni.

"Shi Ilunga," alisema, akitumia jina la mtoto wangu wa kwanza, "chumvi inatosha?"

Kwa mazoea niligeuka kumtafuta kuku ili nimjibu yeye. Kuku alikuwa kwenye bakuli.

"Inatosha, mama," nikasema.

Bana Kapembwa aliangalia pembeni, akajifuta macho kwa kitenge, akasema ni moshi.

Puta, na kurudi

Nilikaa mahali pangu. Mgongo wake ukaegemea wangu, mwepesi kuliko nilivyotarajia. Mlima ule mrefu tuliupanda kwa giya ya pili bila kusimama; Bana Kapembwa, aliyekuja nasi mpaka kwenye magunia yake, alishuka juu bila kuaga, akaanza kubishana na dereva wa lori.

Kutoka hapo mpaka Puta mama mkwe hakunyamaza. Alikuwa na maneno ya miaka mingi. Aliniambia ninapita mashimo kwa upande usiofaa. Aliniambia jiko nililomjengea mwanawe linavuta moshi ndani kwa sababu mlango unatazama ziwa, na kwamba alijua hivyo siku ile ile nilipochimba msingi, lakini angesema na nani. Aliniambia kwamba mtoto wangu wa pili ana hasira ya babu yake marehemu, mume wake yeye, na kwamba hilo lisinisumbue. Nilijibu eya, mama, na eya, mama, yaani ndiyo na ndiyo. Kila kisigino kilipojisahau, injini ikapandisha sauti, alinigonga bega kwa kifundo cha kidole: "Muguu."

Tulifika jua likiwa bado juu ya maji. Ngoma zilikuwa zimeanza. Mke wangu alitoka na beseni la unga, akatuona mgongo kwa mgongo, akaliweka beseni chini kama mtu aliyebeba mayai.

"Mama," alisema.

"Nilimuingisha," mama yake alijibu akishuka. "Usisimame hapo, chukua kapu."

Wanawake walilizunguka boksi. Mmoja wao, mkubwa kwa umri, aliuliza kuku wa bibi harusi yuko wapi.

"Iko mu tumbo ya mukwe wangu."

"Barabarani? Na ndugu za nani? Kuingisha kwa namna hiyo kunahesabiwa?"

Mama mkwe alikuwa tayari mlangoni, kapu la sanamu mikononi. Hakugeuka. "Hapa nachimbusa ni nani?"

Akaingia, mlango ukafungwa, na yaliyofuata ndani mimi siyajui na sitakiwi kuyajua. Jumamosi mitumbwi ya watu wa bwana harusi ilifika na kelele nyingi, na msichana alitoka ameinamisha macho vizuri sana. Nilikula, mara hii mbele ya watu, upande wa mama mkwe.

Kwa wenye mashine kama yangu: injini ikilia na pikipiki haiendi, angalieni oili, angalieni skrubu, lakini kabla ya kufungua chochote angalieni miguu yenu imekaa wapi, na kwa nini imekaa hapo. Mimi nilizunguka mashine yote kabla ya kujizunguka mwenyewe.

Tulirudi Jumatatu, mke wangu akiwa kwenye godoro na mama mkwe kwenye kiti chake. Nyumba ya bibi harusi ilimpa kuku mwingine, jogoo mwekundu, kuziba pengo la yule wa kwanza. Alimpakata kutoka Puta mpaka Kashikishi, akisema na mimi njia nzima. Jogoo huyo sasa anatembea uani kwangu. Hajui hata neno moja la Kiswahili.